Boti ya faiba yenye injini ya 40, au mtumbwi wa mbao wenye injini ya 15?

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, niko kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria. Nimetenga sehemu ya kiinua mgongo changu ninunue chombo cha kuvua sangara kwa nyavu za kutega. Nahodha atakuwa mdogo wangu, na wenzake watatu. Wanakotega ni kama kilomita 25 kutoka mwaloni kwetu, tunakoegesha vyombo, na huwa wanabeba nyavu 60 pamoja na kasha la barafu. Nimepata boti ya faiba ya mita 7, imetumika, inauzwa pamoja na injini ya nguvu farasi 40. Fundi wa hapa kwetu anasema kwa fedha pungufu ya hizo atanitengenezea mtumbwi wa mbao wa mita 9 na kuniwekea injini mpya ya 15. Mdogo wangu anataka ya 40. Anasema dhoruba ikija unaikimbia, na kwamba faiba haizami. Mimi naogopa mambo mawili: kupoteza fedha na kupoteza ndugu. Naomba ushauri."

Shikamoo Mwalimu. Hofu zako mbili ni hofu moja, maana chombo kinachomaliza fedha za mwenyewe kwa petroli ndicho hicho hicho kinachoishiwa petroli katikati ya ziwa. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu umenipa mambo ambayo wengi hawayataji wanapouliza: umbali, watu na mzigo. Wengi huniuliza tu, "Fundi, injini gani ni nzuri?" Hilo halina jibu. Chombo huchaguliwa kwa mzigo kitakaorudi nao na kwa njia ya kurudia. Injini inakuja baadaye.

Nianze na hili la 40 kuwa na mbio kuliko 15, kwa kuwa hapo ndipo fedha nyingi za wavuvi wetu zinapopotelea. Chombo kizito kinapokwenda kinasukuma maji, na maji yale yanajijenga kuwa wimbi linalofuatana nacho. Kadiri unavyoongeza mwendo wimbi hilo linarefuka, hadi linalingana na urefu wa chombo chenyewe: kilele kimoja omoni (mbele), kingine tezini (nyuma), bonde katikati. Ukizidi kufungulia gesi, kilele cha nyuma kinabaki nyuma zaidi, tezi inazama bondeni na omo inainuka. Kuanzia hapo injini inafanya kazi ya kupandisha chombo mlima ambao kinautengeneza chenyewe. Moshi unaongezeka, kelele inaongezeka, petroli inakwisha, mwendo unabaki karibu pale pale.

Kikomo hicho utakipata kwa hesabu ya darasani. Chukua urefu wa sehemu ya chombo iliyo majini kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5. Jibu ni kilomita kwa saa. Mtumbwi wa mita 9 huwa na kama mita 8 majini, kwa hiyo kikomo chake ni kilomita 12 na nusu hivi kwa saa. Injini ya 15 inaufikisha hapo bila shida, ukiwa hata na tani mbili za jumla. Ukifunga ya 40 kwenye mtumbwi huo huo na kufungulia gesi yote, pengine utapata kilomita 14. Sasa linganisha petroli. Injini ya 15 ya kuchanganya oili kwenye petroli, gesi ikiwa robo tatu, inakunywa kama lita 5 kwa saa, yaani lita 10 au 11 kufika wanakotega. Ile ya 40 ikifunguliwa yote inakunywa kama lita 20 kwa saa, na kwa safari hiyo hiyo ya kwenda tu itamaliza lita 36 hivi. Wamewahi dakika kumi na tatu hivi, wameunguza mara tatu na zaidi.

Mdogo wako atasema hayo ni ya mtumbwi, faiba haiko hivyo. Hapo ana haki. Boti nyepesi yenye tumbo bapa kwa nyuma ikipata nguvu ya kutosha inatoka kwenye lile bonde, inapanda juu ya maji na kuteleza. Ikiteleza inaweza kwenda kilomita 30 kwa saa, na kwa kilomita zako 25 itatumia lita 17 hivi. Ndivyo mwuzaji atakavyokuonyesha siku ya majaribio: watu wawili ndani, tangi nusu, ziwa limetulia asubuhi. Mtarudi mnatabasamu.

Lakini kuteleza kunategemea uzito. Kwa boti za kazi, kila nguvu farasi moja inatelezesha kama kilo 25 hadi 30, si zaidi. Tena injini yako si ya 40 kamili ikiwa ziwani kwetu. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini isiyopata hewa ya kutosha haiunguzi petroli yote sawasawa. Inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, kwa hiyo ihesabu kuwa ya 35 au 36. Kwa nguvu hiyo utatelezesha kati ya kilo 875 na 1,050. Haya, tupime. Tuseme boti tupu ni kilo 450. Watu wanne kilo 280. Injini 75. Petroli, nyavu kavu, nanga na kamba, kilo 200. Tayari tumegonga 1,000, na kasha la barafu bado liko mwaloni. Wakati wa kurudi nyavu zimelowa, barafu ipo, na Mungu akijalia kuna sangara. Boti haitateleza tena. Inakuwa chombo cha kusukuma maji kama mtumbwi, na kwa kuwa ni fupi, kikomo chake hakifiki hata kilomita 12 kwa saa. Kwa maneno mengine, ikishalemewa, boti ya mita 7 ni ya polepole kuliko mtumbwi wa mita 9, huku injini yake ikinywa kama ya 40. Nahodha mwenye hasira ya kuwahi soko ataiacha wazi gesi yote, na hapo ndipo petroli ya kurudia inapokwisha.

Sasa dhoruba. Naomba hili umsomee mdogo wako. Mchana nchi kavu inapata joto na upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unageuka na kuingia ziwani kutoka pande zote. Unakutana katikati, hewa yenye unyevu inapanda, mawingu ya radi yanajengeka. Ndiyo maana dhoruba nyingi za katikati ya ziwa ni za usiku na alfajiri, saa zile zile nyavu ziko majini. Upepo unaotangulia mvua unafika kwa dakika chache. Na ukishafika, mbio za injini hazina kazi, kwa sababu mawimbi ya ziwa ni mafupi na yamesimama. Boti ikiyapiga kwa kasi inapasuka au inapinduka. Kila nahodha mwenye akili hupunguza gesi na kuyaelekea mawimbi polepole. Wakati huo kinachomwokoa ni kina cha ubavu wa chombo, upana wake, na propela kubaki ndani ya maji.

Kuhusu propela, nilijifunza siku moja kwenye boti ya mtu, tukitoka upande wa kisiwa cha Ukara. Injini ilikuwa kubwa, ya mguu mfupi (ile sehemu inayoshuka hadi kwenye propela), imefungwa kwenye ubao wa nyuma ulioinuliwa ili maji yasiingie. Asubuhi tulipokwenda ilikuwa raha tupu. Kurudi, upepo wa kusini umeamka. Kila wimbi lilipopita chini yetu tezi iliinuka, propela ikameza hewa, injini ikapiga yowe, nahodha akashusha gesi. Tezi ikashuka, akafungulia tena, wimbi jingine likaja. Katika kila yowe tulikosa msukumo kwa sekunde tatu au nne, na katika sekunde hizo omo iligeuzwa na upepo, maji yakaingia ubavuni kama mtu amemwaga ndoo. Kijana mmoja alikuwa anakumba maji kwa dumu lililokatwa, hakuinua kichwa hata mara moja. Njia ya saa moja ilituchukua zaidi ya saa nne, na mwisho tulikuwa tunainamisha tangi upande mmoja ili mpira ufyonze kilichobaki. Nguvu zilikuwepo za kutosha. Kilichokosekana ni kama sentimita 13 za mguu wa injini.

Kwa hiyo, chombo chochote utakachochagua, nenda na futi ya kupimia. Injini nyingi za kupachika huja na mguu mfupi wa kufunga kwenye ubao wa nyuma wenye kimo cha sentimita 38, au mguu mrefu wa sentimita 51. Kwa ziwa kubwa mimi huchagua mrefu. Injini ikishafungwa, lile bamba pana lililo juu kidogo ya propela liwe sawa na chini ya chombo au sentimita mbili tatu chini yake. Likiwa juu ya hapo, propela itameza hewa. Uliza pia kuhusu propela yenyewe. Injini iliyotoka pwani mara nyingi ina propela ya huko, ambayo huku kwetu inailemea: hata ukifungua gesi yote haifikii mzunguko wake, plagi zinaziba, inachemka. Dawa ni propela yenye mpindo (mwinamo wa mapanga yake) mdogo kwa daraja moja, na kwa injini ya 15 hiyo ni fedha ndogo ukilinganisha na ukarabati.

Na faiba haizami? Inazama, tena upesi. Faiba yenyewe ni nzito kuliko maji. Kinachoifanya ielee ni hewa iliyo ndani ya boti, na boti ikijaa maji hewa hiyo haipo. Inayobaki ikielea ni ile tu iliyowekewa vyumba vilivyofungwa au povu gumu chini ya viti na omoni. Kila lita ya nafasi ya namna hiyo hubeba karibu kilo moja, kwa hiyo kwa boti kama hiyo ningetaka kuona lita 350 au 400, ziwe zimegawanywa mbele, nyuma na pembeni. Nimewahi kufungua vyumba vya boti iliyotumika nikakuta povu limelowa kama sifongo, limeongeza uzito badala ya kuelea. Mbao nazo zisikudanganye. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji huelea nusu, lakini injini inauvuta tezini na unasimama wima, watu hawana pa kushika. Nao unahitaji madumu matupu yaliyozibwa vizuri na kufungwa chini ya viti, au povu. Hili la kuelea, kwa maoni yangu, ni la kwanza kulipia kabla hujafikiria rangi ya chombo.

Sasa kama ningekuwa mimi. Kwa kilomita 25, watu wanne, nyavu 60 na barafu, ningechukua mtumbwi wa mita 9 na injini mpya ya 15 ya mguu mrefu. Petroli yake inahesabika: lita 11 kwenda, 11 kurudi, moja mbili za kuzungukia nyavu, kisha ongeza nusu ya jumla hiyo iwe akiba, beba 35. Injini ina kilo 36 hivi, kijana mmoja anaitoa na kuipeleka kulala ndani. Kwa wizi wa injini tulio nao ziwani, hilo si jambo dogo. Vipuri viko kila mwalo, na mafundi wa kuijua hawakosekani. Tofauti ya fedha inakununulia jaketi okozi nne za kweli, nyavu za akiba, na bado inabaki ya kuendeshea msimu wa kwanza. Watu wengi hununua chombo kwa senti ya mwisho, kisha wanaenda kukopa petroli kwa mnunuzi wa samaki, na kuanzia siku hiyo bei ya sangara wao anaipanga yeye.

Ila uamuzi huu unasimama juu ya kazi ya fundi wako, na hapo lazima uwe mkali. Mbao za mvule zimekuwa adimu na ghali. Fundi akikuambia ni mvule, tazama mbao kabla hazijapigwa rangi. Misonobari ni laini na hunywa maji, bila dawa haitadumu. Misumari iwe ya kupakwa zinki. Kwenye maungio pamba iingizwe kwa patasi na nyundo mpaka ikaze, isiwe imebandikwa juu juu na kufunikwa kwa lami. Upana usipungue mita 1.8. Na siku mkiupakia mzigo kamili pamoja na watu, pima sehemu ya chini kabisa ya ukingo: ikiwa chini ya sentimita 40 juu ya maji, huo si mtumbwi wa kwenda kilomita 25. Kila mwaka utaupandisha nchi kavu na kuukalafati upya, yaani kuziba maungio yake. Hiyo gharama faiba haina, na ni haki yangu kukwambia. Faiba nzuri inaweza kuuzidi mtumbwi wa mbao kwa miaka mingi sana, na ndiyo maana hata serikali imekuwa ikikopesha wavuvi boti hizo kwa masharti nafuu. Uliza kwa afisa uvuvi wa halmashauri kama kuna nafasi kabla hujatoa fedha zako taslimu. Faiba ya mita 9 au 10, pana, yenye injini ya 25, ningeikubali kwa mikono miwili. Ninayoikwepa ni hii fupi yenye injini ya kuipa sifa.

Injini mpya utaulizwa: ya kuchanganya oili au ya oili yake mbali? Hii ya pili haina moshi mwingi, inanywa pungufu kwa karibu theluthi, na ni bora kwa ziwa tunalokunywa maji yake. Lakini ni nzito, ni ghali, na ikiharibika visiwani utahitaji fundi aliyeisomea. Mahali ulipo, leo, bado ningekwambia ya kuchanganya, kwa sharti moja: oili ipimwe. Nyingi kati ya injini hizo hutaka sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli, maana yake mililita 400 kwa dumu la lita 20, na zaidi ya hapo saa za mwanzo za injini mpya kama kitabu chake kinavyoelekeza. Tumia oili ya injini za boti. Vijana wetu wanakadiria kwa jicho, na oili ya pikipiki. Nimeshafungua silinda nyingi zilizochanika kama zimekwaruzwa kwa msumari kwa sababu hiyo tu. Na wafundishe kutazama kile kijito cha maji kinachoruka nyuma ya injini inapokimbia. Kikikatika, gugumaji au mfuko wa plastiki umeziba njia ya maji ya kupoza. Zima papo hapo, usisubiri kunusa harufu.

Kama mdogo wako bado anaitaka ile ya faiba, usigombane naye. Mpeleke mkaikague pamoja na fundi asiyemfahamu mwuzaji. Gonga boti kwa sarafu kuanzia omo hadi tezi. Inapotoa sauti ya debe tupu badala ya mlio mkavu, tabaka zimeachana. Shika injini kwa chini uisukume juu na chini huku mwingine akitazama ubao wa nyuma: ukicheza, au maji yakitoka kwenye matundu ya bolti, mbao iliyofichwa ndani imeoza. Legeza skrubu ya chini ya gia uone oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Vuta kamba ya kuwashia taratibu, injini ikiwa baridi: ikikuachia bila kukuzuia popote, silinda zimechoka. Soma namba ya injini, ilingane na risiti. Ikiwa imekwanguliwa, ondoka, hata kama bei ni ya kupendeza.

Chombo chochote utakachochukua, kikaguliwe na kusajiliwa TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, na leseni ya chombo na ya wavuvi zitoke halmashauri. Usione ni usumbufu, maana mkaguzi ni jicho la pili usilolilipa mshahara. Chuo cha FETA hapo Nyegezi, Mwanza, nacho kinafundisha uvuvi na uendeshaji wa vyombo. Ningempeleka mdogo wako huko kabla ya kumkabidhi chombo, hasa kwa kuwa ni ndugu. Na awe anafuatilia utabiri wa ziwa unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, na usiku ukitabiriwa upepo mkali, wewe mwenye chombo ndiye wa kumwambia alale nyumbani na asihofie kwamba utamlaumu kwa siku bila samaki.

Mwisho, jaribio ambalo ningetaka ulione kwa macho yako. Mwambie mwuzaji wa faiba akubali mambo mawili. La kwanza, mpakie magunia ya mchanga yenye uzito wa mzigo wa kurudi, watu wanne ndani, mtoke mchana upepo ukiwa umeamka, na mpime mwendo kwa simu na petroli kwa dumu lenye alama. La pili, injini itolewe, boti ijazwe maji kwenye kina cha kiuno hapo hapo mwaloni, watu wanne waishike ubavuni, tuone kama inabaki juu. Fundi wako wa mbao naye mwambie jaribio hilo la pili ni sharti la malipo ya mwisho. Atakayekataa, usimpe hata arabuni.